Kijana ametimiza miaka 21 na anafanya kazi: je, benefiti za mama zitakatwa?

SWALI: Assalaam aleikum mshauri. Naishi Leicester, Uingereza, nyumba ya kaunsili ya vyumba vitatu vya kulala, mimi na wanangu wawili. Kodi ni pauni 110 kwa wiki. Nafanya usafi maofisini, napata kama pauni 600 kwa mwezi, na Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inanisaidia kodi na matumizi. Binti yangu ana miaka 17, yuko koleji. Kijana wangu anatimiza 21 mwezi ujao. Alimaliza masomo kiangazi hiki akaajiriwa ghalani, analipwa vizuri. Wenzangu wananiambia mshahara wake utanifutia benefiti zote. Mmoja kanishauri niseme amehama. Mwingine kasema kijana aende akakae kwa mama yangu, ana miaka 78, yuko peke yake kwenye flati ya kaunsili mtaa wa pili, anapata Pension Credit (nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo) na Attendance Allowance (malipo kwa wazee wanaohitaji kutunzwa). Sitaki kudanganya, na mwanangu sitaki kumtoa. Goti langu nalo linanisumbua, sijui nitafanya kazi hii mpaka lini. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mshahara wa mwanao hauhesabiwi hata kidogo kwenye Universal Credit yako. Apate pauni 800 kwa mwezi au apate 3,000, hesabu yako ni ile ile. Wanachoangalia ni mambo mawili tu: kwamba anaishi kwako, na kwamba ametimiza miaka 21. Siku akifika umri huo, serikali inachukulia kuwa mtu mzima huyu anapaswa kuchangia nyumba, na inapunguza fungu lako la kodi kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 kiasi hicho ni pauni 93.02 kwa mwezi. Angekuwa hana kazi, yuko kitandani mpaka adhuhuri, ungekatwa pauni 93.02 hizo hizo.

Wenzako hawakutunga hofu yao. Chini ya Housing Benefit ya zamani, ule msaada wa kodi ya nyumba ambao bado unalipwa kwa wazee, makato yanafuata mshahara wa yule mtu mzima anayeishi nawe. Asiye na kipato kikubwa anakatiwa kidogo, na mwenye mshahara mkubwa anaweza kumletea mama yake makato ya zaidi ya pauni 120 kwa wiki. Watu waliungua na mfumo huo, wakawasimulia wenzao, na simulizi limebaki hata baada ya mfumo wenyewe kuwatoka wengi wetu. Wewe uko Universal Credit. Sheria yako ni nyingine.

Sasa tufanye hesabu yako yenyewe. Kodi ya pauni 110 kwa wiki, Universal Credit huizidisha kwa 52 na kuigawa kwa 12, inakuwa pauni 476.67 kwa mwezi. Ukitoa 93.02 unabaki na msaada wa kodi wa 383.65. Ndiyo, ni pengo. Lakini angalia kitakachotokea akihama. Nyumba yako ni ya vyumba vitatu: kimoja chako, kimoja cha binti, kimoja cha kijana. Akiondoka, chumba chake kinahesabiwa kuwa cha ziada, na mpangaji wa kaunsili au wa shirika la nyumba mwenye chumba kimoja cha ziada hukatwa asilimia 14 ya kodi. Kwako hiyo ni pauni 66.73. Kwa hiyo akikaa unapungukiwa 93.02, akihama unapungukiwa 66.73. Tofauti ni pauni 26.29 kwa mwezi. Kwa hizo pauni 26 utakuwa umempoteza mtu anayeweza kukuchangia, naye atakwenda kulipa mamia ya pauni kwa chumba kimoja kwenye nyumba ya watu asiowajua. Nimewaona akina mama waliowaambia watoto wao watoke kwa ajili ya makato haya bila ya kupiga hesabu hii, na inaniuma kila mara, kwa sababu mtoto alikwishaondoka na maneno yalikwishasemwa. (Anayepanga kwa mwenye nyumba binafsi hana makato ya asilimia 14, ila kiwango chake cha juu cha msaada wa kodi hushuka kulingana na idadi ya vyumba anavyostahili, na mara nyingi hasara ni kubwa kuliko yako.)

Jambo la kuhamia kwa bibi yake ndilo lililonifanya niache kazi nyingine nikujibu leo leo. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya kusoma barua ya mama yako.

Mama yako anapata Attendance Allowance na anaishi peke yake. Mtu wa namna hiyo, kama hakuna anayelipwa pesa za utunzaji kwa ajili yake, anastahili nyongeza ya ulemavu mkubwa ndani ya Pension Credit. Kwa 2025/26 nyongeza hiyo ni pauni 82.90 kwa wiki, yaani pauni 359.23 kwa mwezi. Masharti yake ni makali: asiishi na mtu mzima mwingine wa miaka 18 au zaidi, isipokuwa watu wachache waliotajwa na sheria. Mjukuu wa miaka 21 mwenye afya na kazi hayumo kwenye orodha hiyo. Akihamia pale na begi lake, nyongeza inakatika. Na kama nyongeza ndiyo peke yake inayomfanya mama yako astahili Pension Credit, basi Pension Credit nzima inakwenda, na pamoja nayo leseni ya televisheni ya bure ya wenye miaka 75 na zaidi, na msamaha wa Council Tax (tozo ya kaunsili kwa kila nyumba) unaweza kupungua. Mngekuwa mmeokoa pauni 26 mkapoteza 359.

Lakini geuza jambo hili upande wa pili, maana huenda lina heri kwenu. Chukua barua ya Pension Credit ya mama yako, ile ndefu yenye jedwali la namna walivyofikia kiasi. Kwa mtu mmoja kiwango cha msingi cha 2025/26 ni pauni 227.10 kwa wiki. Chini ya hapo panatakiwa kuwa na mstari wa nyongeza ya ulemavu mkubwa. Kama anapata Attendance Allowance, yuko peke yake, na mstari huo haupo, basi mama yako anadaiwa haki yake. Piga simu Pension Credit ukiwa umekaa naye, awape ruhusa ya kuongea nawe, na muombe nyongeza hiyo kwa jina. Wazee wetu wengi waliomba Attendance Allowance miaka baada ya kupata Pension Credit, na hakuna aliyewaambia kuwa ya pili inabadilika kwa sababu ya ya kwanza. Jambo moja tu uliangalie: kama wewe mwenyewe unalipwa fungu la utunzaji kwenye Universal Credit kwa ajili yake, nyongeza hiyo haitolewi. Hapo inabidi mlinganishe lipi lina faida zaidi.

Kijana kumtembelea bibi yake, kumpelekea futari, hata kulala kwake siku mojamoja, hakuna shida yoyote. Kinachohesabiwa ni mahali anapoishi.

Ushauri wa kusema amehama, ulivyoukataa umefanya vizuri, na nikuongezee sababu. Mwajiri wake anapeleka taarifa za mshahara kwa idara ya kodi ya mapato kila anapomlipa, na idara za serikali zinalinganisha taarifa. Anwani yake iko benki, kwa daktari, kwenye orodha ya wapigakura. Ikigundulika, utarudisha kila senti. Kuchelewa kutoa taarifa bila ya sababu ya maana tu kunaweza kuleta faini ya pauni 50 juu ya deni, na kudanganya kwa makusudi kunaweza kukufikisha mahakamani. Kwa yule mwenzetu ambaye bado hajapata uraia, doa hilo linaweza kumfuata kwenye maombi yake.

Tuje kwenye goti. Sheria inawasamehe baadhi ya watu yale makato ya 93.02. Husamehewi kwa sababu ya mshahara mdogo. Unasamehewa kwa hali yako au ya mwanao. Kwa upande wako: kama una upofu uliothibitishwa, au unapata PIP (malipo ya serikali kwa mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) ile sehemu ya maisha ya kila siku, hukatwi kitu, hata ukiwa na watoto wazima watatu ndani. Kwa upande wake: kama angekuwa anapata PIP sehemu hiyo hiyo, au Carer's Allowance (malipo ya anayemtunza mgonjwa), au ana mtoto wake wa chini ya miaka 5 anayemlea hapo nyumbani, pia usingekatwa. PIP ina sehemu mbili, ya maisha ya kila siku na ya kutembea, na watu wetu wenye magoti wakijaza fomu huandika habari za kutembea tu: ngazi, kituo cha basi, masafa. Hilo ni sawa, lakini sehemu inayogusa kodi yako ni ile nyingine. Je, unaweza kusimama jikoni mpaka wali uive? Unaingiaje bafuni? Soksi unavaa mwenyewe au binti anakusaidia? Kama hali hiyo imedumu miezi mitatu na inatarajiwa kuendelea mingine tisa, muulize daktari wako na uombe. PIP haiangalii mshahara wako wala wa mwanao, na mtu anaipata huku anafanya kazi.

Council Tax ni hesabu ya pembeni, nayo kwako ni ya haraka kuliko hiyo ya mwezi ujao. Mtu mzima akiwa peke yake ndani ya nyumba hupata punguzo la asilimia 25. Mwanao alipokuwa mwanafunzi wa kutwa nzima hakuhesabiwa, na binti yako hahesabiwi kwa sasa. Lakini tangu kiangazi kijana ni mfanyakazi, kwa hiyo punguzo hilo lilipaswa kuondoka tangu alipomaliza masomo. Tazama bili yako. Kama punguzo bado lipo, wapigie kaunsili wiki hii uwaambie tarehe halisi; muda wa kuwaarifu ni siku 21, na kadiri unavyokaa ndivyo deni linavyokua. Kwa bili ya pauni 1,600 kwa mwaka, robo ni pauni 400. Papo hapo waulize kuhusu msaada wa Council Tax kwa wenye kipato kidogo. Huko kila kaunsili ya England ina utaratibu wake kwa watu ambao hawajafika umri wa pensheni, na nyingi zinakata kwa ajili ya mtu mzima anayefanya kazi ndani ya nyumba. Hapo mshahara wa mwanao unaweza kuulizwa, basi uwe na karatasi zake mbili tatu za mshahara mkononi.

Sasa pesa anayokupa mwenyewe. Akikupa pauni 150 au 200 kwa mwezi za chakula na nyumba, hiyo si kipato chako machoni pa Universal Credit. Huripoti, hukatwi. Mpe takwimu, usimpe lawama. Kaa naye, fungua simu yako kwenye taarifa ya malipo, shuka mpaka kwenye mstari wa nyumba, mwonyeshe zile 93.02 na robo ya Council Tax, kama 33 kwa mwezi kwa mfano wangu. Jumla 126 kabla hata hujanunua kilo ya mchele. Vijana wengi hawajui kabisa kwamba kuwepo kwao kunapunguza kitu. Wanaona mama amekuwa mkali tu ghafla. Na kama kodi yako inalipwa moja kwa moja kwa kaunsili, kumbuka kwamba kaunsili itapokea pungufu ya 93.02 kuanzia mwezi huo. Wewe ndiye utakayeijaza. Nimeshika barua za madeni ya kodi za akina mama walioapa kwamba kodi yao inalipwa yote na serikali, na kweli ilikuwa hivyo, mpaka mwezi ambao mtoto alitimiza 21.

Ila pesa yake ya akiba isikae kwenye akaunti yako. Hili naliomba kwa mikono miwili. Nilikaa jikoni na mama mmoja, karatasi za benki zimetandazwa mezani, chai imepoa. Mwanawe alikuwa akimwekea mshahara wake, wanakusanya mahari na harusi nyumbani. Kwa sisi ni jambo la sifa, mtoto anamwamini mama yake. Kwa Universal Credit, pesa iliyo kwenye akaunti yenye jina lako ni yako mpaka uthibitishe vinginevyo. Ikipita pauni 6,000, kila pauni 250 za juu yake, au sehemu yake, zinakupunguzia pauni 4.35 kwa mwezi. Ikipita 16,000, Universal Credit inasimama. Yule mama ilibidi tutafute kila muamala wa mwanawe, ujumbe wa simu, barua ya posa, ili kuonyesha kuwa yeye alikuwa mtunzaji tu. Tuliweza, lakini ilichukua miezi, na miezi hiyo aliishi kwa kukopa. Mwanao afungue akaunti yake ya akiba kwa jina lake. Na kama wewe ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama, weka daftari lenye majina na tarehe, kwa sababu hiyo hiyo.

Mkataba wa nyumba usimwingize jina lake bila ya ushauri. Akishakuwa mpangaji mwenza, kodi hugawanywa kati yenu, na utasaidiwa nusu yako tu.

Hadi hapa nimejibu ulichouliza. Ngoja nikuambie ambacho hukuuliza, maana ndicho kizito zaidi. Pengo la kijana ni pauni 93. La binti yako litakuwa karibu pauni 700.

Kwa viwango vya 2025/26, kwa kuwa alizaliwa kabla ya Aprili 6, 2017 na ndiye mtoto pekee anayehesabiwa, unalipwa kwa ajili yake pauni 339 kwa mwezi ndani ya Universal Credit, na Child Benefit (posho ya mtoto) ya pauni 26.05 kwa wiki, ambayo ni kama 112.88 kwa mwezi. Kisha kuna kitu kisichoonekana: kwa sababu una mtoto tegemezi na unasaidiwa kodi, pauni 411 za kwanza za mshahara wako haziguswi, wanakata senti 55 kwa kila pauni inayozidi hapo. Kwa mshahara wako wa 600 wanakata 103.95. Siku utakapokuwa huna tena mtoto tegemezi, na kama huna uamuzi wa afya unaokupa kinga hiyo, watakata 55 kwa kila pauni tangu ya kwanza: pauni 330. Jumlisha 339, 112.88 na tofauti ya 226.05, unapata 677.93. Kazi yake ya Jumamosi haina athari. Kinacholeta hili ni kumaliza koleji, na wazazi wengi wanashangaa kusikia kwamba kwenda chuo kikuu nako kunahesabiwa kuwa amemaliza. Akibaki kwenye masomo ya ngazi ya koleji, fungu lake la Universal Credit linaweza kuendelea hadi Agosti 31 baada ya kutimiza miaka 19, na Child Benefit hadi miaka 20. Kuanzia hapo mpaka atimize 21 hutakatwa ile 93.02 kwa ajili yake, lakini utakuwa huna kitu kinachoingia kwa jina lake pia. Na hapa ndipo goti lako linapokuwa jambo la pesa na si la maumivu tu, kwa sababu kinga ya mshahara inaweza kubaki kwa mtu ambaye tathmini ya afya imeamua uwezo wake wa kufanya kazi una mipaka.

Kuhusu kutoa taarifa: ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya kuripoti mabadiliko, chagua watu wanaoishi nawe, hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwanao ni sahihi. Huenda yupo tayari tangu alipokuwa mdogo, lakini usitegemee. Jua pia kwamba Universal Credit hailipi nusu nusu. Mwezi wako wa malipo ukianza tarehe 3 na yeye akatimiza 21 tarehe 30, mwezi wote unahesabiwa kana kwamba alikuwa na 21 tangu tarehe 3. Si kosa lao, usipoteze nguvu kulipinga. Ukiona kosa la kweli, kama kukatwa ilhali una PIP ya maisha ya kila siku, una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba waangalie upya, na wakikataa unakata rufaa kwenye baraza la rufaa bila ya malipo.

Kesho, basi, anza na bili ya Council Tax, kisha nenda kwa mama yako ukasome ile barua naye. Na binti akikuambia tarehe ya mtihani wake wa mwisho wa koleji, niandikie kabla ya tarehe hiyo, tupange mapema.